Usiku na Mchana Si Siku Mbili: Tunayoyakosea Kuhusu Jela

Vijiweni Majengo, hapa Dodoma, ukisema fulani kapigwa miaka 30, hakosi wa kukutuliza: "Huyo kumi na tano tu, kule usiku na mchana ni siku mbili." Hesabu hiyo haipo. Siku ya Gereza la Isanga ina saa 24 kama ya mtaani. Kilichopo ni kifungu cha 49 cha Sheria ya Magereza: mwenye kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja, akichapa kazi na kutulia, hupunguziwa theluthi. Thelathini inabaki 20. Msamaha wa Rais, ule wa Desemba 9 au Aprili 26, huja juu ya punguzo hilo. Kifungo cha maisha hakina theluthi. Kwetu maisha ni hadi kufa, labda Rais amsamehe.

"Ulaya wanawafuga wahalifu hotelini." Hapo mtu hutoa simu akaonyesha picha za gereza la Halden, Norway. Kweli vyumba ni safi, na ukomo wa kawaida wa kifungo huko ni miaka 21. Lakini anayeonekana bado ni hatari huongezewa muda, tena na tena. Anders Behring Breivik, aliyeua watu 77 mwaka 2011, aliomba kuachiwa mapema na mahakama ikamkatalia mwaka 2022.

"Akihukumiwa kunyongwa, kesho kamba." Tanzania haijanyonga mtu tangu 1994. Ubishi wa kisheria uko kwingine: jaji kukosa hiari mara kosa la mauaji linapothibitika. Uganda iliondoa ulazima huo mwaka 2009, Kenya 2017. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha tu, iliieleza Tanzania kwamba ulazima wa namna hiyo unakiuka haki ya kuishi.

Dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: karandinga likisimama mahakamani, wanashuka watu wawili wawili, na mtu pembeni anasema, "Wafungwa hao." Wengi wao ni mahabusu. Hawajahukumiwa, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza kumtendea mshtakiwa kama mwenye hatia kabla hajathibitika kuwa nayo. Kanuni za Umoja wa Mataifa zilizopewa jina la Mandela mwaka 2015 zinataka mahabusu watengwe na wafungwa na waruhusiwe kuvaa nguo zao wenyewe.

Kutokana na kosa hilo huzaliwa jingine, la "hela ya dhamana". Ndugu wanachangishana usiku kucha, mjomba anauza mbuzi, fedha inaishia mfukoni mwa mtu bila stakabadhi. Dhamana ya polisi haiuzwi. Mahakamani, mara nyingi kinachotakiwa ni wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya mtendaji wa mtaa, wasaini bondi, yaani ahadi ya kulipa mshtakiwa asipotokea, ya kiasi atakachotaja hakimu. Fedha taslimu ikihitajika, kama kwenye baadhi ya kesi za mali ya mamilioni, hakimu huitamka wazi na inalipwa kwa risiti. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana. Huko mtu husubiri ndani upelelezi ukamilike, na unaweza kuchukua miaka. Kwa makosa yenye dhamana, mtendaji atafutwe mapema, kabla hakimu hajaingia. Mdhamini aliyesahau kitambulisho nyumbani amewalaza ndani wengi waliokuwa na haki ya kutoka siku hiyohiyo.