Kazi za utafiti na ubunifu wa vifaa tiba: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, vijana wa Mwanza waliofaulu sayansi hushauriwa na wazazi wachague udaktari, au uhandisi wa barabara na majengo. Ni wachache wanaotajiwa kazi ya kubuni, kujaribu na kuboresha vifaa vinavyotumika hospitalini, na naamini tunapoteza vipaji vingi kwa sababu ya dhana zisizo na msingi kuhusu kazi hiyo.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba kifaa tiba ni mashine kubwa kama ya eksirei, ambayo kijana wa kawaida hawezi kuigusa. Ukweli ni kwamba bomba la sindano, glavu, kipimajoto, kondomu na mguu bandia vyote ni vifaa tiba, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sokoni kuna takribani aina milioni 2 za vifaa hivyo. Nchini kwetu vinadhibitiwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, ambayo huvigawa katika madaraja ya A hadi D kulingana na hatari ambayo kifaa kinaweza kumletea mgonjwa.

Kwetu sisi tunaoishi kando ya ziwa, mfano ulio karibu ni kipimo cha kichocho. Kwa miaka mingi kichocho cha tumbo kimetambuliwa kwa kupaka kinyesi kwenye kioo na kuhesabu mayai ya minyoo kwa hadubini, njia ambayo humkosa kwa urahisi mtu mwenye minyoo michache. Baadaye kikabuniwa kipimo kidogo cha mkojo kinachonasa chembechembe zinazotolewa na minyoo wenyewe. Kipimo hicho kinaenea kiganjani, lakini nyuma yake kuna kazi ya wanakemia, wanabiolojia, wataalamu wa malighafi na watakwimu, pamoja na wale waliokwenda kukijaribu katika vijiji ambako ugonjwa upo.

Hapo ndipo inapoanguka dhana ya pili, kwamba kazi hii ni ya madaktari peke yao. Daktari na muuguzi hueleza tatizo na kusema kama kifaa kinafaa, ila vipuri, saketi, programu na vipimo vya uimara vina wataalamu wake. Mguu bandia unaojulikana kama Jaipur Foot, uliobuniwa India mwaka 1968, ulitokana na ushirikiano wa daktari wa upasuaji P. K. Sethi na fundi wa kazi za mikono, Ram Chandra Sharma, ambaye hakusoma sana shuleni. Fundi huyo alielewa kwamba mkulima anahitaji mguu unaomwezesha kuchuchumaa na kutembea peku shambani, jambo ambalo miguu bandia ya kigeni haikumpa. Ninapopita kwenye karakana za Nyakato, hapa Mwanza, na kuona mikono inayoweza kuchonga kipuri kwa kukitazama tu, huwaza ni wangapi kati yao wangefaa kuketi meza moja na daktari.

Wengine husema utafiti huu hufanyika Ulaya na Marekani tu, na sisi ni wa kupokea. Ni kweli kwamba viwanda vingi viko huko, lakini kifaa kilichojaribiwa kwa watu wa huko hakina hakika ya kutufaa. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni, kilishindwa kuonyesha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 zaidi ya kwa weupe. Hilo si jambo dogo kwa wodi ambayo wagonjwa wake wote ni weusi. Kwa upande mwingine, mashine ya kuwasaidia watoto wachanga kupumua iitwayo Pumani ilibuniwa na Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani kikishirikiana na hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, Malawi. Hewa yake husukumwa na pampu za aina inayotumika kwenye matangi ya samaki wa mapambo, na shinikizo hupangwa kwa kina cha mrija ndani ya chupa ya maji, hivyo muuguzi huliona kwa macho yake.

Dhana nyingine ni kwamba kifaa kikishafanya kazi mezani, kesho yake kinaingia wodini. Kabla ya hapo kuna uchambuzi wa hatari kwa kiwango cha kimataifa cha ISO 14971, vipimo vya kuhakikisha malighafi haidhuru mwili, idhini ya maadili ya utafiti, majaribio kwa binadamu na usajili. Hatua hizi huchukua miaka, na katika kila hatua kuna watu walioajiriwa kuandika, kupima na kukagua. Anayependa kazi ya makini na kumbukumbu zilizopangika ana nafasi kubwa hapa kuliko anavyodhani.

Kuhusu masomo, si kweli kwamba ni lazima kwenda ng'ambo: Chuo cha Ufundi Arusha, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) hufundisha uhandisi wa vifaa tiba. Lililo gumu ni ajira, kwa kuwa nafasi nyingi za hapa nchini ni za matengenezo, si za ubunifu. Hata hivyo, siyahesabu matengenezo kuwa mlango wa nyuma. Fundi sanifu anayeandika kila mara kwamba mashine ya oksijeni imezimika baada ya umeme kupanda na kushuka, au kwamba chujio limeziba vumbi miezi kadhaa kabla ya muda uliotajwa kwenye kitabu cha mtengenezaji, tayari anakusanya taarifa ambazo mbunifu wa mashine ijayo atazihitaji kabla ya kuchora mstari wa kwanza.