Simba na pundamilia hawashindani

Kila kiangazi kinapokaza, kauli hii hurudi redioni na kwenye makundi ya WhatsApp: "Porini ni ushindani, simba anamshinda pundamilia, dhaifu anatoweka." Maneno mawili yamepotoka hapo, ushindani na kutoweka, na yanapopotoka pamoja hutufichia chanzo halisi cha spishi, yaani aina nzima ya viumbe, kuisha.

Maana zenyewe ni fupi. Ushindani ni viumbe kuhitaji kitu kilekile kisichowatosha, hivi kwamba anachotumia mmoja kinampungukia mwingine. Kutoweka ni kufa kwa kiumbe wa mwisho wa spishi yake, popote duniani.

Sasa, simba hali nyasi na pundamilia hali nyama. Hawagombei chochote: mmoja ni chakula cha mwenzake, na huo ni uwindaji. Mshindani wa simba ni fisi, na wanaobanwa na wote wawili ni mbwa mwitu. Kule Ruaha mbwa mwitu akiua swala, fisi wanaweza kumpora, na simba huua hata watoto wake. Kwa hiyo mbwa mwitu hukwepa sehemu zenye simba wengi, hata kama ndizo zenye swala wengi. Huo ndio ushindani wa kweli, na mara nyingi hauna kelele.

Shambani pia tunachanganya. Magugu ya kawaida yanashindana na mtama kwa maji, mwanga na mbolea ya udongo. Kiduha hakishindani na mtama, kinaunyonya: mizizi yake inajishika kwenye mizizi ya mtama na kuvuta maji na chakula. Ni kimelea. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu anayepalilia kiduha baada ya kukiona juu ya ardhi amechelewa, unyonyaji ulianza chini kabla hakijachomoza.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni kwamba mshindani mkali wa kiumbe kwa kawaida ni wa spishi yake mwenyewe, maana ndiye anayehitaji vitu vilevile kabisa. Mkulima wa Kongwa, Dodoma, anajua hili bila kufundishwa. Akishadondosha mbegu nyingi za mtama shimo moja, hung'olea miche na kubakiza miwili hivi. Asipopunguza, yote itatoka na masuke membamba ingawa hakuna gugu hata moja karibu.

Hapo ndipo ilipo siri ya spishi nyingi kukaa pamoja. Mwaka 1934 mwanabiolojia Georgii Gause wa Moscow alichapisha majaribio ya paramesiamu, viumbe vya seli moja vinavyoishi majini. Aina mbili zilizokula bakteria walewale, zikiwekwa chombo kimoja, hazikudumu pamoja: moja iliongezeka, nyingine ikapungua hadi ikaisha. Alipobadilisha aina moja, zote mbili zilibaki, kwa sababu moja ilijilisha sehemu ya juu ya maji na nyingine ikala hamira iliyotuama chini. Hisabati za wanasayansi Lotka na Volterra za miaka ya 1920 zinatoa sharti lilelile: spishi mbili hukaa pamoja pale kila moja inapojibana yenyewe zaidi kuliko inavyoibana nyingine.

Angalia mgunga mmoja wa huku kwetu katikati ya Tanzania. Digidigi anakula majani ya chini, yasiyofika mita 1. Tandala mkubwa anafikia kama mita 2. Twiga anachukua ya juu, hadi mita 5 hivi. Swala pala hula nyasi mvua zikiwepo, kisha hugeukia majani zikikauka. Mti ni uleule, riziki zimegawanyika. Ukileta mbuzi wengi, mgawanyo huo unavurugika, kwa kuwa mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma na kula kuanzia kwa digidigi hadi kwa tandala.

Tena ushindani haukai mwaka mzima. Utafiti wa Laikipia, Kenya, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba ng'ombe wanaolisha pamoja na wanyamapori, hasa pundamilia, wakati wa kiangazi hawaongezeki uzito kama wanaolisha peke yao. Masika mambo hugeuka: pundamilia huondoa nyasi ndefu ngumu, na ng'ombe hunenepa zaidi. Anayemwita pundamilia adui wa malisho amesema kweli ya nusu mwaka.

Je, ushindani unaua spishi nzima? Peke yake ni mara chache. Kazi yake kubwa ni kuisukuma spishi pembeni, ibaki na eneo dogo au chakula cha aina moja. Kisha likija jambo jingine, pale pembeni hapana pa kukimbilia. Ngege, samaki wa asili wa Ziwa Victoria, ni mfano mzuri. Nyavu za makila, zinazonasa samaki mashavuni, ziliingia mwaka 1905 na kuwapunguza sana, baadaye sato na sangara wakapandikizwa. Sato akagombea nao chakula na mazalio, na hata kuzaana nao. Leo ngege halisi ni wa kutafutwa kwenye viziwa vya pembeni. Ukisema "sato alimshinda ngege" umeruka nusu karne ya nyavu.

Na kuna spishi inayoangushwa bila mshindani yeyote. Chura wa Kihansi aliishi kwenye ukungu wa maporomoko tu, katika korongo moja. Mwaka 2000 maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, ukungu ulikatika. Mwaka 2003 idadi yake ikaporomoka, na kuvu anayeshambulia ngozi za vyura akakutwa korongoni. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Porini, si duniani, kwa sababu vyura 499 walikuwa wamepelekwa Marekani kuzalishwa, na uzao wao ukaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Basi mtu wa Chamwino au Bahi akisema "digidigi wametoweka", macho yake yameona sawa. Tumsaidie neno tu: wameisha kijijini kwake, kwani spishi yenyewe ipo kuanzia Somalia hadi huku kwetu. Kisha tumuulize kuhusu vichaka. Digidigi hukaa wawili wawili kwenye eneo lao, hujificha vichakani na hupata sehemu kubwa ya maji yake kwenye majani. Vichaka vikikatwa kwa mkaa, anaondoka hata pasipo na mbuzi, na kupunguza mifugo peke yake hakutamrudisha.