Methadoni si dawa ya waraibu pekee

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya Unguja na Pemba unadai mgonjwa wa saratani akipewa methadoni ndiyo anamalizwa, au atageuka teja. Si kweli. Methadoni hutuliza maumivu makali. Wengi tumeijulia kwenye tiba ya waraibu, na hapo ndipo tunapochanganya. Hukaa mwilini muda mrefu, hivyo daktari huongeza dozi polepole. Haiachwi ghafla, wala hagawiwi mtu mwengine. Hatari ya uraibu ipo, ndiyo maana mgonjwa hufuatiliwa, lakini mwili kuizoea dawa si uraibu. Muulize daktari au mfamasia, karatasi ya dawa ikiwa mkononi. Bibi anayekesha ameng'ang'ania godoro anastahili kulala hadi adhana ya alfajiri. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.