Fidia ya chanjo isiyotafuta mkosaji

Ni malipo anayopewa mtu aliyedhurika baada ya kuchanjwa, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna aliyezembea. Kinachobaki kuthibitishwa ni chanzo: je, chanjo ndiyo iliyoleta madhara, kwa mfano kuumiza mishipa ya fahamu, au ni ugonjwa mwingine?

Mpango wa Marekani, uliotokana na sheria ya 1986, hulijibu swali hilo kwa kuhesabu siku. Aliyechanjwa mafua ya msimu akapata ugonjwa wa Guillain-Barré, yaani kinga ya mwili kushambulia mishipa ya fahamu hadi miguu yote miwili ikalegea na udhaifu ukapanda juu, huchukuliwa kuwa ameupata kwa chanjo iwapo ulianza kati ya siku ya 3 na ya 42. Nje ya siku hizo, ushahidi ni juu yake.

Uganda ilikuwa miongoni mwa nchi 92 zilizoingizwa mwaka 2021 katika mpango wa namna hii kwa chanjo za korona zilizoletwa na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo hizo. Ulihusu kifo au ulemavu wa kudumu tu. Kwa chanjo nyingine njia ni mahakama, na huko lazima uzembe uthibitishwe. Kuishtaki serikali kwa uzembe kuna ukomo wa miaka 2. Mtu au hospitali binafsi, miaka 3.

Jeraha la sindano yenyewe ni jambo jingine kabisa, na watu wengi huchanganya. Mtoto mchanga hudungwa pajani, upande wa mbele kwa nje, kwa sababu takoni umepita mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu. Ukichomwa huo, maumivu huja papo hapo, mguu ni mmoja, na unyayo huning'inia, mtoto akitembea unaburuzika. Hapo wa kuulizwa ni mchomaji, dawa haina kosa.

Kwa hiyo andika mapema siku na saa dalili zilipoanza, na kiungo kilichodungwa. Tunza kadi ya chanjo, hakikisha ina namba ya bechi (fungu la chanjo iliyotumika), na uripoti kituo cha afya ili fomu ya madhara ijazwe. Mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea kiungo ghafla huchukuliwa sampuli 2 za choo, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu kulegea, zikapimwe polio katika maabara ya Entebbe. Usikatae kipimo hicho: bila majibu yake, upande unaodaiwa unaweza kusema ni polio.