Nyumba za shule na wasichana walioachia majina yao

Katika shule nyingi zilizorithi utaratibu wa Kiingereza, wanafunzi hugawanywa katika makundi ya kudumu yanayoitwa nyumba. Ukishapangiwa nyumba yako siku za mwanzo, ndiyo hiyo mpaka umalize: unaikimbilia mbio, unaiimbia, unaitafutia alama. Shule za bweni mara nyingi nyumba ndilo bweni lenyewe. Za kutwa, huenda ikawa jina tu na rangi ya fulana. Kwetu majina hayo aghalabu ni ya viongozi, milima na mito.

Otago Girls' High School, iliyofunguliwa mwaka 1871 mjini Dunedin, New Zealand, imewaenzi hivyo wasichana waliosoma palepale. Mimi naona ni uchaguzi mzuri kuliko magavana, maana gavana hakuwahi kufanya mtihani wa hesabu kwenye madarasa yale.

Chukua nyumba ya Cruickshank. Margaret Cruickshank alizaliwa mwaka 1873, pacha wa Christina. Mama yao alipofariki walikuwa na miaka kama kumi, na wadogo zao walihitaji mlezi. Basi wakapokezana: leo huyu aende shule, yule abaki na watoto, kesho wabadilishane. Usiku aliyetoka shule alimfundisha mwenzake. Kwa hiyo jina lile, ukiniuliza mimi, ni la wawili, na Christina naye baadaye akawa mkuu wa shule ya wasichana ya Wanganui.

Margaret alihitimu udaktari mwaka 1897, mwanamke wa pili nchini humo baada ya Emily Siedeberg, naye pia zao la shule hiyo hiyo. Alifanya kazi katika mji mdogo wa Waimate. Homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ilipoingia, dereva wake akaugua, akawa anawafikia wagonjwa kwa baiskeli au kigari cha farasi. Alipokuta mama hoi kitandani, alimlisha mtoto, akapika, hata ng'ombe akamkamua. Homa hiyo ilimuua Novemba mwaka huo. Sanamu yake ilisimamishwa Waimate mwaka 1923.

Nyumba ya Benjamin ni ya Ethel Benjamin, aliyeandikishwa kuwa wakili Mei 1897, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa New Zealand. Chama cha mawakili cha Otago hakikumpokea kwa mikono miwili: kilimbana katika matumizi ya maktaba, kikataka avae tofauti na wanaume, na kwenye karamu zake hakikumwalika. Aliwatetea wake waliopigwa na waliotelekezwa. Lakini aliwatetea wenye mabaa pia, wakati wanaharakati wengi wa haki za wanawake walikuwa wakipigania pombe ipigwe marufuku, na baadhi yao hawakumsamehe.