Askari mwenye huruma katika kumbukumbu za wenzake

Kazi yangu hapa Dar es Salaam ni kurekodi masimulizi ya wazee waliopigana Vita vya Kagera, na kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya habari za sajini mmoja, ambaye sasa ni marehemu, anayetajwa kwa upendo mkubwa na wenzake wa kombania. Jina lake naiachia familia yake. Ninachotaka kueleza ni namna ya kuhifadhi huruma ya askari, kwa kuwa majalada ya jeshi huonyesha cheo, kikosi na tarehe, lakini hayaonyeshi ni nani aliyemgawia mwenzake maji ya mwisho.

Ukimwuliza mpiganaji wa zamani marehemu alikuwa mtu wa namna gani, atakujibu kama watu wanavyojibu msibani: alikuwa mtu wa watu, hakuwa na makuu. Anasema kweli, ila maneno hayo yanamfaa karibu kila marehemu. Kwa hiyo mimi huuliza habari za vitu. Mlikula nini mlipovuka Mto Kagera, baada ya majeshi ya Idi Amin kulivunja daraja la Kyaka mwaka 1978? Mzigo wa nani ulibebwa na nani? Barua za nyumbani mliziandikia wapi? Mzee mmoja wa Gongo la Mboto alipofikia swali la barua alikumbuka kwamba sajini aliwaandikia mgambo wasiojua kusoma, kisha akamsomea kila mmoja barua yake pembeni, wenzake wasisikie. Mwingine, anayeishi Mbagala, habari ya barua hakuwa nayo kabisa. Yeye alikumbuka buti. Miguu yake ilipovimba njiani kuelekea Masaka, mwanzoni mwa 1979, sajini alimbebea sanduku la risasi kutwa nzima, na jioni hakumtaja kwa mkubwa yeyote.

Wazee hawa nawahoji mmoja mmoja kabla ya kuwakutanisha. Wakikaa pamoja mapema mno, aliyekuwa na cheo ndiye huongoza mazungumzo, na waliokuwa kuruta hubaki kusema, “Afande ameshaeleza.” Ilhali kuruta ndio waliopokea wema wenyewe, na afande huenda hakuuona hata kidogo.

Ipo sehemu ngumu ambayo sikubali kuiruka. Mutukula, mji wa mpakani upande wa Uganda, ilipotekwa na jeshi letu Januari 1979, raia waliuawa na majengo yakasawazishwa, hata Mwalimu Nyerere akasisitiza kwamba raia wasidhuriwe. Wazee wakifika hapo hushusha sauti. Mmoja wao alinieleza kwamba sajini alisimama kwenye mlango wa nyumba ya bibi kizee akawazuia vijana wake wasiingie. Mwingine anashikilia kwamba haikuwa Mutukula bali kijiji cha mbele, na kwamba sajini hakusimama mlangoni: aliketi ndani pamoja na yule bibi mpaka kombania yote ikapita. Nimeyaandika yote mawili jinsi yalivyosemwa. Watu wawili ambao hawajaonana kwa miaka mingi, wakitofautiana juu ya mahali lakini wakikubaliana juu ya tendo, kwangu wana uzito kuliko kundi linalosimulia neno kwa neno, kwa sababu ufanano wa namna hiyo mara nyingi hutokana na hadithi iliyokwisha kurudiwa sana barazani.

Aliyekuwa na umri wa miaka 20 vita vilipoanza sasa anakaribia 70, na wengi wamekwisha tangulia. Kama baba au babu yako alipigana, usingoje Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, ndipo uwatafute wenzake. Nenda na simu yenye kinasa sauti pamoja na picha za zamani, na uulize majina ya wote waliosimama kwenye picha, kwani huyo usiyemjua ndiye pengine mwenye habari unayoitafuta. Familia ya sajini imeomba nakala za sauti zote, na wazee wameridhia zitolewe bila kukatwa, pamoja na yale masimulizi mawili yasiyopatana.