Maji ya kwenye mifuko nayo ni mzigo
Hapa Mwanza nimesikia wenye boti wakisema kwamba ukijaza mifuko ya maji botini ili kukuza wimbi la nyuma la kutelezea kwa ubao, huongezi mzigo, maana maji hayazami majini. Si kweli. Lita moja ya maji ya Ziwa Victoria ina kilo moja. Lita 400 ni kama kupakia watu wazima watano au sita. Wimbi hukua kwa sababu hiyohiyo: boti imedidimia, inasukuma maji mengi zaidi. Ila ukingo nao umeshuka, na upepo ukichafua ziwa, maji huingia.

Kinachonitisha zaidi ni mfuko uliojaa nusu. Boti ikiinama, maji hukimbilia upande uleule na kuilaza zaidi. Tafadhali, jaza pomoni au toa yote, na upunguze abiria.